Tazkiya ya Wasaidizi wa Kadhi: Nani Aulizwe, na Aulizwe Nini?

  

Tumeulizwa na baadhi ya maimamu wa misikiti kuhusu jambo linalowafika mara kwa mara. Kijana anaomba kazi ya ukarani katika mahakama, au utarishi, au ukalimani, akaja kwa imamu kutaka barua ya kumtambulisha kuwa ni mtu mwema. Au baada ya wiki kadhaa anakuja afisa, amekaa nje ya msikiti baada ya swala ya Alasiri, anauliza: fulani mnamjua? Anaishi vipi? Je, imamu ajibu nini? Wako wanaotia saini kila barua inayoletwa, kwa kuwa kijana ni wa mtaani na hawataki kumvunjia riziki. Na wako wanaofunga midomo hata kwa jambo wanalolijua kwa yakini, wakisema kumtaja mtu kwa kasoro ni kusengenya, na kusengenya ni haramu. Makundi yote mawili yanadhani yamesalimika.

Mas-ala haya si mapya. Yana mlango wake katika vitabu vya fiqhi, nao ni mlango wa tazkiya ndani ya Kitabu cha Ukadhi, ambao wanafunzi wetu wengi huupita haraka kwa kudhani kuwa unamhusu kadhi peke yake. Muzakki ni mtu anayemjulisha kadhi hali ya mtu mwingine: je, ni mwadilifu au siye? Upekuzi unaofanywa leo na serikali kwa watumishi wa mahakama, kwa asili yake, ni jambo lile lile. Waislamu walilijua, wakaliwekea utaratibu, na wakaliwekea mipaka. Sisi tunaona kuwa mipaka ndiyo iliyosahauliwa zaidi kuliko utaratibu.

Mahakama si kadhi peke yake

Anayesoma hukumu huona jina la kadhi tu. Lakini kabla hukumu haijafika kalamuni mwa kadhi imepita katika mikono mingi. Yuko karani anayeandika maneno ya mashahidi. Yuko mkalimani, kwa wenye lugha asiyoijua kadhi. Yuko bawabu anayeamua nani aingie kwanza na nani arejee kesho. Yuko tarishi anayepeleka wito, yuko mgawaji wa mirathi, wako waaminifu waliokabidhiwa mali za mayatima. Kila mmoja wa hawa anaweza kuipindua haki bila ya kadhi kujua.

Tutoe mfano mmoja. Mtu amemtaliki mkewe talaka rejea, kisha akafa. Ikiwa amekufa naye mke yumo ndani ya eda, anarithi: robo kama marehemu hana mtoto, thumni kama anaye. Ikiwa eda ilikwisha kabla ya kifo, harithi kitu. Sasa tazama, ndugu msomaji, mgogoro wote unasimama juu ya tarehe moja iliyoandikwa katika daftari la talaka. Karani aliyepewa bahasha na warithi wengine hana haja ya kubadilisha hukumu, wala ya kumshawishi kadhi. Anabadilisha tarakimu moja, na mjane anatoka katika nyumba aliyokaa miaka thelathini. Kadhi atakuwa amehukumu kwa haki kwa mujibu wa karatasi iliyo mbele yake, na dhulma itakuwa imetimia.

Ndiyo maana wanavyuoni hawakumwachia karani. Imamu Nawawiy (aliyefariki mwaka 676 Hijria) katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika darsa za pwani yetu kizazi hadi kizazi, ametaja kuwa karani wa kadhi ashurutishwe Uislamu, uadilifu, na ujuzi wa kuandika kumbukumbu za mashauri na hukumu. Kisha akayataja yanayopendekezwa: awe na fiqhi, akili nyingi, na hati nzuri. Angalia mpango wake. Hati nzuri inapendekezwa tu, lakini uadilifu ni sharti. Leo katika ofisi nyingi mambo yamegeuzwa: ufundi wa kompyuta ni sharti, na uadilifu ni jambo la kutumainiwa.

Wenzetu Mahanafi walikwenda mbali zaidi katika ulinzi wa kazi yenyewe. Abu Bakr al-Khassaf (aliyefariki mwaka 261 Hijria), mwenye kitabu mashuhuri cha Adabu za Kadhi, anataka karani akalishwe mahali ambapo kadhi anaona anachokiandika, wafasiri wakaeleza sababu: asije akahongwa akazidisha au akapunguza katika maneno ya shahidi. Na katika al-Hidaya ya al-Marghinaniy imeelezwa kuwa kadhi mpya akishika kazi hutuma waaminifu wawili wakapokee madaftari ya mahakama, mbele ya kadhi aliyeondoka au mbele ya mwaminifu wake. Hawakusema kuwa karani mwadilifu haangaliwi. Walimtafuta mwadilifu, kisha wakamwangalia.

Sifa mbili ambazo cheti hakizioneshi zote

Qur-ani Tukufu inatuonesha sifa mbili za mtu wa kupewa kazi. Katika Sura al-Qasas, Aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan anamsifu Musa (A.S) kwa nguvu na uaminifu. Katika Sura Yusuf, Aya ya 55, Nabii Yusuf (A.S) anajitaja kwa kuhifadhi na kwa ujuzi. Basi moja ni uwezo, na nyingine ni amana. Na katika Sura al-Hujurat, Aya ya 6, Waumini wameamrishwa kuthibitisha habari inayoletwa na fasiki wasije wakawadhuru watu kwa ujinga. Ikiwa habari ya mtu mmoja inathibitishwa, vipi kuhusu mtu ambaye kila siku atakuwa anapokea na kuandika habari za watu?

Uwezo huonekana kwa cheti, ingawa hata hapo pana kazi. Ndugu zetu wa Tanzania wanakumbuka uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais mwezi wa Aprili 2017: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Hilo ni katika sehemu iliyo nyepesi ya uchunguzi, kwa kuwa cheti kina namba, na namba ina daftari lake. Amana haina namba. Hata cheti cha tabia njema ambacho polisi nchini Kenya hukitoa baada ya kuchukua alama za vidole kinaeleza kama mtu ana rekodi ya jinai. Hakiwezi kueleza zaidi ya hapo. Mla rushwa hodari huwa na cheti kisafi kabisa.

Kwa hiyo amana haijulikani ila kwa watu walioishi na mtu. Imepokewa kutoka kwa Umar bin al-Khattab (R.A), katika mapokezi aliyoyataja al-Bayhaqiy, kuwa mtu mmoja alitoa ushahidi mbele yake, Umar akamwambia hamjui, alete anayemjua. Akasimama mtu kumsifu kwa uadilifu. Umar akamuuliza mambo matatu: je, ni jirani yake anayejua usiku wake na mchana wake? Je, amewahi kuamiliana naye kwa dinari na dirhamu? Je, amewahi kusafiri naye? Alipojibu hapana kwa yote, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Na katika baadhi ya mapokezi Umar anaongeza kuwa labda amemwona tu msikitini, akiinama na kuinuka.

Hapa ndipo penye somo kwa maimamu wetu. Sisi mara nyingi tunamjua mtu kwa safu ya kwanza. Tunamjua kwa kanzu yake na kwa kuwahi kwake Alfajiri. Hayo ni mema, na Allah humlipa mja wake, lakini Umar hakuyaona kuwa yanatosha kumpa mtu daraja ya kuaminiwa katika haki za watu.

Uchunguzi wa Kufa

Katika Sahihi al-Bukhariy kuna kisa ambacho tunaona kila anayesimamia upekuzi alifaa kukisoma. Watu wa Kufa walimshitaki gavana wao kwa Umar. Gavana huyo alikuwa ni Saad bin Abi Waqqas (R.A), miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo na amiri wa jeshi la Qadisiyya. Walimshitaki hata kuwa hajui kuswalisha vizuri. Umar alimwita, akamsikiliza, naye Saad akaeleza jinsi anavyowaswalisha. Umar akaridhika na jawabu lake. Pamoja na hivyo hakulifunga jambo kwa kuridhika kwake mwenyewe. Alimtuma mtu, au watu, wafuatane na Saad kwenda Kufa. Katika baadhi ya mapokezi mjumbe huyo ametajwa kuwa ni Muhammad bin Maslama (R.A), ambaye Umar alikuwa akimtuma kuchunguza mashitaka dhidi ya magavana wake.

Wajumbe hawakuacha msikiti wa Kufa ila waliuliza, na kote walisikia sifa njema, mpaka walipoingia msikiti wa Bani Abs. Hapo alisimama mtu aitwaye Usama bin Qatada, akasema kuwa kwa kuwa wameapishwa, basi Saad haendi na jeshi, hagawi kwa usawa, wala hahukumu kwa uadilifu. Saad aliyesimama pale alimwombea dua mbaya kwa mambo matatu, ikiwa ni mwongo aliyesimama kwa ria na kutafuta kusikiwa: umri mrefu, ufakiri mrefu, na kuingizwa katika fitina. Mpokezi wa hadithi anasema alikuja kumwona mtu huyo mzee sana, nyusi zimemwangukia machoni, akiwachokoza vijana wa kike njiani, na akiulizwa husema yeye ni mzee aliyefikwa na dua ya Saad.

Watu wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya dua ya Saad. Nasi tunataka wakitazame kwa upande wa uchunguzi. Cheo na utangulizi katika Uislamu havikumtoa Saad katika kuulizwa. Waulizwaji hawakuwa maadui wake peke yao wala marafiki zake peke yao, bali msikiti baada ya msikiti. Saad alikuwepo, akasikia lililosemwa, akajibu. Na lililosemwa lilikuwa na sababu zilizotajwa moja moja, hazikuwa minong'ono. Kisha Umar alimwondoa Saad katika ugavana na kumweka Ammar bin Yasir (R.A). Lakini alipokuwa anakufa, Umar aliwausia watu kuhusu Saad, akabainisha kuwa hakumuondoa kwa kushindwa kazi wala kwa khiyana. Mtu anaweza kuondolewa kwa maslahi ya watu na jina lake likabaki safi, na ni haki yake aliyemuondoa aseme hivyo kwa ulimi wake. Mara ngapi leo mtumishi huhamishwa au huachishwa, na wakubwa wakanyamaza mpaka mtaa mzima ukaamini kuwa ameiba!

Jinsi Misri ilivyoweka utaratibu

Katika zama za mwanzo watu waliulizana wazi, mbele ya kadhi. Kisha hali zikabadilika. Imepokewa kuwa Kadhi Shurayh wa Kufa alipoanza kuuliza kwa siri aliambiwa kuwa amezua jambo, akajibu kuwa watu wamezua, naye akazua. Na Imamu Muhammad bin al-Hasan, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliiona tazkiya ya hadharani kuwa ni balaa na fitina, kwa sababu anayeulizwa mbele za watu ima husema uongo kwa aibu, ima husema kweli akajipatia adui wa maisha.

Historia iliyo wazi zaidi tunaipata Misri, katika kitabu cha Abu Umar al-Kindiy (aliyefariki mwaka 350 Hijria) kuhusu magavana na makadhi wa nchi hiyo. Anaeleza kuwa zamani shahidi akijulikana kwa wema alikubaliwa, asipojulikana waliulizwa majirani zake. Ghawth bin Sulayman al-Hadhramiy, katika karne ya pili, ndiye aliyeanza kuwauliza watu kwa siri, kwa kuwa ushahidi wa uongo ulikuwa umeenea. Akaja al-Mufadhal bin Fadhala, akaweka mtu maalumu wa kazi hiyo, aliyeitwa sahibul masail, yaani mtu wa maswali. Kisha al-Umariy akayaandika majina ya waliokubaliwa katika daftari. Baada yake Lahia bin Isa akaamrisha uchunguzi wa waliomo katika orodha urejewe kila baada ya miezi sita. Na Isa bin al-Munkadir, aliyeshika ukadhi katika muongo wa pili wa karne ya tatu, alikuwa usiku akijifunika kichwa na kupita vichochoroni akiulizia hali za mashahidi yeye mwenyewe.

Katika hayo yote, lililotuvutia sisi ni ile miezi sita ya Lahia. Wengi hudhani kuwa mtu akishapita mlango wa upekuzi siku ya kuajiriwa amepata uadilifu wa maisha. Uadilifu ni hali, na hali hubadilika: mtu huingia katika madeni, hupata rafiki mbaya, huonja fedha ya kwanza ya haramu. Ofisi inayochunguza wanaoingia na isiwarejee walioketi miaka ishirini imefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Lakini daftari nalo lilileta maradhi yake. Kuingia katika orodha kukawa ni cheo, watu wakakitafuta kama kinavyotafutwa cheo chochote, na aliyekuwa akimjua mwenye daftari akawa na nafasi bora kuliko aliyekuwa mwema. Hivyo swali likarejea nyuma hatua moja: nani anamchunguza mchunguzi?

Masharti ya mwenye kuuliza

Imamu Shafi'iy (aliyefariki mwaka 204 Hijria) amelijibu swali hilo katika al-Umm kwa urefu. Anataka watu wa maswali wawe wenye kujizuia katika tumbo na nafsi zao, wenye akili timamu, wasio na uadui na watu, wasio watu wa upendeleo wa kikabila wala wa makundi. Wasiwe wajinga wa hila, wakamuuliza mtu kuhusu adui yake akawaficha mema, au kuhusu rafiki yake akawaficha maovu. Na anataka wasijulikane, ili wasihadaiwe.

Kisha ametaja utaratibu ambao ukiusoma utadhani umeandikwa jana. Kadhi awape kazi watu wawili, mbalimbali, na amfiche kila mmoja majina aliyompa mwenzake. Wakirudi, majibu yao yakiafikiana anayafuata. Yakihitilafiana anarudia kwa kuwatuma wengine. Hakutosheka na uaminifu wa mchunguzi mmoja hata baada ya kumshurutishia yote yale. Na Nawawiy anaongeza kuwa karatasi inayopelekwa kwa muzakki iandikwe ya kumpambanua shahidi, na anayeshuhudiwa, na anayeshuhudiwa dhidi yake, na hata kiasi cha deni. Sababu iko wazi: mtu anaweza kuaminika kwa shilingi elfu na asiaminike kwa milioni, na anaweza kuwa mwadilifu kwa watu wote ila kwa shemeji yake. Anayechunguza karani wa mirathi hana budi kuuliza kama ana jamaa katika mashauri yaliyopo mezani.

Tumeona tutaje hapa kuwa mengi ya haya yameandikwa kwa ajili ya mashahidi. Lakini kwa kuwa uadilifu ni sharti kwa karani, mkalimani na muzakki mwenyewe, njia ya kuujua ni ile ile.

Mipaka

Wa kwanza ni kwamba kumtia mtu dosari kunahitaji sababu iliyotajwa. Katika madhehebu yetu, anayesema fulani ni mwadilifu anatosheka na neno hilo, kwa sababu mambo ya wema hayahesabiki. Ama anayesema fulani hafai, lazima aseme kwa nini, na awe ameona au jambo liwe limeenea kwa watu mpaka limejulikana. Imamu Shafi'iy amesimulia habari ya mtu aliyemtia mwenzake dosari, alipobanwa aeleze sababu akasema amemwona akikojoa amesimama. Akaulizwa, na kuna nini katika hilo? Akasema mkojo humrukia, kisha huswali. Akaulizwa, je, umemwona akiswali hali umemrukia? Akasema hapana, ila anaona atafanya hivyo. Lau lisingetakwa neno la sababu, mtu yule angeporomoshwa na dhana ya mtu mmoja.

Basi tunasema wazi: taarifa ya upekuzi inayosema tu kwamba mtu hapendekezwi, bila ya sababu ambayo msimamizi anaweza kuipima, haikubaliki kwa kipimo cha fiqhi. Jina la mtoa habari linaweza kufichwa, na hilo ndilo lengo la siri. Sababu haifichwi kwa anayeamua. Na tumewasikia vijana waliokataliwa kazi ambao mpaka leo hawajui walikosa nini, wakabaki kushuku ndevu zao au chuo walichosoma. Huenda si hivyo. Lakini asiyeambiwa hulazimika kukisia, na makisio hayo huzaa chuki baina ya raia na mahakama yao.

Wa pili ni katazo la upelelezi wa siri za watu katika Sura al-Hujurat, Aya ya 12. Kuuliza hali ya mtu kwa anayemjua ni jambo moja, na kuchungulia nyumba yake, kusikiliza mazungumzo yake na kutafuta aliloficha baina yake na Mola wake ni jambo jingine. Linalotafutwa ni lile linalogusa kazi: uongo, rushwa, khiyana ya amana, ulevi unaojulikana, deni analolikwepa, kutoa siri za watu. Kijana aliyewahi kuteleza kwa siri na Allah akamsitiri, hakuna afisa aliyepewa ruhusa ya kuivua sitara hiyo.

Wa tatu ni toba. Aliyejulikana kwa ufasiki akatubia hupimwa kwa muda, na wengi katika wanavyuoni wa Kishafi'iy wamekadiria mwaka mmoja, kwa kuwa misimu minne hupita juu ya mtu na tabia yake ikadhihirika. Na muzakki akisema kuwa anaijua sababu ya dosari ile, na kwamba mhusika ametubia na kutengenea, kauli yake hutangulizwa mbele ya aliyemtia dosari. Kosa la ujana la miaka kumi na tano nyuma, ambalo mtu ameliacha na watu wakaona kuwa ameliacha, si haki kuandikwa kana kwamba ni la jana.

Imamu ajibu vipi

Kwa hapa kwetu, kazi hizi zina vyombo vyake. Kenya, makadhi wametajwa katika Ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, na ajira ya watumishi wa mahakama iko chini ya Tume ya Huduma za Mahakama. Zanzibar ina sheria yake ya Mahakama ya Kadhi ya 2017. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeweka kamati za maadili za mikoa na wilaya zinazopokea malalamiko dhidi ya mahakimu. Imamu hana mamlaka katika vyombo hivyo. Anachonacho ni ulimi wake, na ulimi huo ukiulizwa unakuwa ni shahada.

Basi kama humjui, sema humjui. Hilo si tusi kwake. Kama unamjua kwa swala tu, andika kuwa unamjua kwa swala, na usiongeze neno uaminifu. Akija mwanao au baba yako, mwelekeze kwa mwingine, kwani tazkiya ya mzazi kwa mtoto haikubaliwi, kama usivyokubaliwa ushahidi wake kwake. Na kama mna ugomvi naye, jizuie pia, hata kama unaona unasema kweli. Usipokee chochote kwa barua hiyo, si fedha ya nauli wala kilo ya sukari. Mtume (S.A.W) alipanda mimbari kwa hasira pale Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, aliporudi akidai baadhi ya mali ni zawadi yake. Aliuliza kwa nini hakukaa nyumbani kwa baba yake na mama yake akaona kama zawadi ingemjia. Nawe jiulize kama sukari ile ingekujia bila ya muhuri wa msikiti.

Ama kama unaijua dosari kwa yakini, kama vile umeshuhudia akidai fedha ili jalada litembee, basi kunyamaza mbele ya anayeuliza kwa haki ni kumdhulumu yule mjane wa mfano wetu. Nawawiy katika Riyadhus Salihin ameyataja mambo sita yanayoruhusu kumtaja mtu kwa asiyoyapenda, na miongoni mwao ni kuwatahadharisha Waislamu na kutoa nasaha kwa anayeshauriana nawe. Sharti ni uliseme kwa anayehusika peke yake, kwa kiasi cha haja. Si katika hotuba ya Ijumaa, wala barazani baada ya kahawa, wala katika ujumbe wa simu unaorushwa kwa watu mia mbili.

Na afisa akivuka mpaka, akaanza kuuliza kijana anamfuata sheikh gani, anaweka mikono wapi katika swala, au mkewe anavaa nini, si lazima kumjibu. Uongo hauruhusiwi hapo, lakini kunyamaza kunaruhusiwa. Mwambie kwa adabu kuwa hilo haligusi kalamu ya karani.

Limebaki swali moja tulilopewa: imamu aliyemtakasa mtu, kisha ikambainikia kuwa alikosea, afanye nini? Arejee kwa aliyemwandikia, afute neno lake, kwa maandishi kama alivyoliandika mwanzo, wala asingoje kuulizwa mara ya pili. Wanavyuoni hawakulichukulia jambo hili kuwa ni la adabu tu. Katika mlango wa mashahidi kurejea katika ushahidi wao, pale ushahidi ulipopelekea mtu kuuawa, Nawawiy amesema kuwa kauli sahihi zaidi ni kuwa muzakki aliyerejea katika tazkiya yake ni mdhamini. Yeye hakuua, hakuhukumu, wala hakushuhudia tukio. Alisema tu kuwa fulani ni mwadilifu.

Wallahu a'lam.